Impakti ya betri na nati za tairi: studi zinakatika huku, nati zinalegea kule

Isevya_TBR ameuliza:

Habari za kazi mafundi. Naomba maelezo ya kitaalamu kuhusu kukaza kwa impakti ya betri (mashine inayofungua na kukaza nati kwa mapigo). Kufungua siyo tatizo, tatizo ni kukaza.

Gereji ipo hapa Tabora mjini. Mashine ni ya nusu inchi, kwenye boksi imeandikwa 21V na 800 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), ina gia tatu. Magari yanayoingia sana ni Noah na Hiace, Hardtop (Land Cruiser) za miradi zinazokwenda Sikonge na Kaliua, halafu Canter na Fuso za mizigo. Matatizo ni mawili na yanapingana. Studi (bolti za kwenye habu zinazofungwa nati za tairi) za Noah na Hiace zinakatika gari linaporudi kufunguliwa tairi. Upande wa pili, Hardtop na Fuso zinarudi nati zimelegea, na zote zilikazwa na mashine hiyohiyo mpaka ikagoma kuzungusha.

Nibonyeze sekunde ngapi kwa kila nati? Gia ipi? Je, nikimaliza na impakti halafu nikaweka tokirenchi (spana ya kupimia nguvu ya kukaza) ikalia "klik", hapo nimeshahakikisha? Na nyuzi za studi zipakwe grisi au ziachwe kavu?

---

Kiloleni_Fundi amejibu:

Ndugu yangu, nianze na la "klik" kwa sababu ndilo linalodanganya mafundi wengi, na gereji nyingi zinalitumia kumridhisha mteja.

Tokirenchi inalia inapofikia nguvu uliyoiweka. Ukiiweka 103 Nm kwenye nati ambayo impakti tayari imeikaza kwa 300, italia vizuri kabisa, na nati haitasogea hata unywele. Mlio huo umekuambia kitu kimoja tu, kwamba nati haipo chini ya 103. Imezidi kiasi gani, hujui. Kwa hiyo kanuni ya kushika ni hii: nati lazima isogee kwanza ndipo tokirenchi ilie. Ikilia bila nati kusogea, fungua nati hiyo, irudishe kwa mkono, uanze upya. Kazi ya impakti ni kuikalisha nati kwenye rimu, na kukaza kwenyewe ni kazi ya tokirenchi.

Sasa kwa nini sekunde hazifai kuwa kipimo. Ndani ya impakti kuna nyundo inayozunguka na kupiga fuawe. Kila pigo linasukuma nati kidogo, na kadiri unavyoendelea kubonyeza ndivyo mbano unavyopanda, kwa kasi sana mwanzoni halafu taratibu. Nati ndogo ya M12 (ya studi ya milimita 12) inaweza kuvuka 103 Nm ndani ya sekunde moja ya kupigwa kwenye gia ya juu. Nati kubwa ya Fuso inaweza kupigwa sekunde kumi isifike panapotakiwa. Zaidi ya hapo, nguvu inayofika kwenye nati inabadilika kufuatana na betri (imejaa au imeisha), soketi (mpya au imelegea), ekstensheni (kila urefu unaoongeza unakula mapigo), na nyuzi zenyewe zikiwa na vumbi, kutu au oili. Ukibonyeza sekunde zilezile asubuhi na jioni, utapata mbano mbili tofauti.

Ile "mpaka ikagoma" nayo siyo kipimo. Mashine haijagoma, bado inapiga, ila mapigo hayatoshi tena kushinda msuguano uliopo. Msuguano huo unaweza kuwa wa kutu tu huku mbano ukiwa mdogo.

Utaratibu wa tairi la gari dogo, kwa mfano Noah yenye studi za M12x1.5 (1.5 ni hatua ya nyuzi kwa milimita) na kipimo cha 103 Nm:

Piga brashi ya waya uso wa habu na mgongo wa rimu, pale vinapogusana. Kutu ikibaki hapo inasagika gari likitembea, unene unapungua, mbano unapotea. Safisha nyuzi za studi kwa brashi, futa kwa kitambaa kikavu. Pandisha rimu, ishike isininginie kwenye studi, halafu funga kila nati kwa vidole angalau mizunguko minne au mitano. Hapa usiruke. Nati iliyoingia kombo vidole vinaigundua mara moja, lakini impakti inaisukuma hivyohivyo na kuchana nyuzi bila wewe kusikia kitu.

Weka impakti gia ya kwanza, soketi moja kwa moja bila ekstensheni kama inafika. Bonyeza trigali nusu. Nati itakimbia, itakaa, na mara tu unaposikia mapigo ya kwanza, "ta-ta", achia. Usisubiri la tatu. Fuata nyota: kwa studi tano, ukiziita 1 hadi 5 kwa mzunguko, nenda 1, 3, 5, 2, 4. Ukizifuata kwa jirani-jirani rimu inakaa upande mmoja kwanza, na nati za mwisho zinaonekana zimekaza kumbe zinavuta rimu iliyopinda.

Shusha jeki mpaka tairi liguse chini lisizunguke, lakini uzito wote wa gari usiwe umelala. Chukua tokirenchi, raundi ya kwanza 60 Nm kwa nyota, raundi ya pili 103 kwa nyota. Vuta taratibu kwa kushika kwenye mpini wenyewe, siyo katikati ya bomba, na uache kwenye klik ya kwanza. Wanaopiga klik tatu "kwa uhakika" wanaongeza mbano kila mara.

Mteja aambiwe arudi baada ya kilomita 50 hadi 100 kurudia kipimo. Kwa gari linalotoka hapa kwenda Sikonge hiyo ni safari moja tu, kwa hiyo mwandikie kwenye risiti.

Grisi kwenye nyuzi: hapana, isipokuwa kitabu cha gari husika kimeagiza. Vipimo vya nati za tairi kwa magari madogo vimeandikwa kwa nyuzi safi na kavu. Ukipaka oili, klik inakuja palepale lakini studi inavutika zaidi. Kama habu inashika rimu kwa kutu, paka grisi kidogo sana kwenye ile shingo ya katikati ya habu, isifike kwenye studi wala kwenye kikalio cha nati, pale nati inapokaa kwenye rimu.

---

Isevya_TBR:

Nimeelewa la klik. Sasa nitajuaje mashine yangu kwenye gia ya kwanza inaacha nati kwenye ngapi? Isije ikawa hata hiyo "ta-ta" imeshapita 103.

---

Kiloleni_Fundi:

Ipime. Betri iwe imejaa, maana hapo ndipo mashine ina nguvu zaidi. Kaza nati nne safi kwa gia ya kwanza na mapigo mawili kama nilivyosema. Weka tokirenchi 40, vuta upande wa kukaza. Ikilia bila nati kusogea, panda 50, halafu 60, na kuendelea. Kipimo ambacho nati inaanza kusogea ndicho kinachokaribia kazi ya mashine yako. Kitasoma juu kidogo ya ukweli, kwa sababu nati iliyosimama inahitaji nguvu ya ziada kuianzisha, na kwa kazi hii hiyo ni tahadhari nzuri. Ukipata chini ya 60, unaweza kufanya kazi nayo kwenye Noah. Ukipata 90 na zaidi, punguza liwe pigo moja, au nati za M12 zikalishe kwa wili spana ya mkono.

Rudia jaribio ukibadilisha betri au ukinunua soketi mpya.

Na usiziamini sana zile namba za kwenye boksi. Betri inayoandikwa 21V ina seli tano mfululizo: zikijaa kila moja ni 4.2V, jumla 21, na kwa kawaida ya kazi ni 18V. Zile zenye maandishi makubwa ya 88VF au 388VF, ukifungua kasha ukikuta seli tano mfululizo ni 18V ileile. Hizo 800 Nm nazo mara nyingi ni nguvu ya kufungua, ambayo ni kubwa kuliko ya kukaza.

---

Hesabu_na_Chuma amejibu:

Naongeza hesabu, maana ikieleweka kwa namba fundi hawezi tena kuona 300 Nm ni "usalama zaidi".

Studi inafanya kazi kwa kuvutika. Unapokaza nati unairefusha kidogo sana, nayo inajaribu kurudi urefu wake, na kule kurudi ndiko kunakobana rimu. Sehemu kubwa ya nguvu unayoweka inaishia kwenye msuguano: karibu nusu chini ya nati, karibu asilimia 40 kwenye nyuzi, na kama asilimia 10 tu ndiyo inayovuta studi. Ndiyo maana badiliko dogo la msuguano linabadilisha mbano kwa kiasi kikubwa.

Kadirio linalotumika: mbano = Nm ÷ (0.2 × kipenyo kwa mita), ile 0.2 ikiwa ya nyuzi kavu. Studi ya M12 kwa 103 Nm:

103 ÷ (0.2 × 0.012) = kama 43,000 N (niutoni), yaani 43 kN.

Studi ya M12x1.5 ina eneo la kubeba la milimita za mraba 88.1. Ya daraja la nguvu la 10.9 inavumilia takriban 73 kN kabla ya kuanza kurefuka moja kwa moja. Kwa hiyo kwenye 43 ipo salama na ina akiba. Sasa weka 300 Nm za impakti: 300 ÷ 0.0024 = 125 kN. Imeshapita mbali. Haikatiki siku hiyo kila mara, lakini imerefuka na haitarudi, na kikomo chake kimeliwa. Mvutano wa barabara na siku ya kufungua ndivyo vinavyomalizia kazi. Lawama inakwenda kwa aliyefungua, kumbe studi iliuawa na aliyekaza.

Oili nayo ipime kwa njia hiyohiyo. Ile 0.2 ikishuka hadi 0.15, zile 103 Nm zinatoa 57 kN badala ya 43. Klik ni ileile, mbano umepanda kwa theluthi.

Kuitambua studi iliyovutika hakuhitaji mashine. Chukua nati mpya, iendeshe kwa vidole mwanzo hadi mwisho wa studi. Ikikimbia vizuri halafu ikashika katikati, pale nyuzi zimepishana hatua. Njia nyingine: laza studi mpya ubavuni mwa ile ya zamani, nyuzi ndani ya nyuzi, uinue kwenye mwanga wa mlango. Nzima zinaingiana bila upenyo. Iliyovutika inaingiana upande mmoja, na kadiri unavyosogea upande wa pili unaona uzi mwembamba wa mwanga unapanuka. Hiyo itoe, hata kama bado inashika nati.

Ikikatika moja, badilisha na majirani zake wawili, maana mzigo wake ulihamia kwao. Zikikatika mbili au zaidi kwenye habu moja, badilisha zote. Na unapoingiza studi mpya usiivute kwa impakti na nati. Tumia presi. Kama presi haipo, panga washa nene zenye grisi, geuza nati ya zamani uso wa bapa ukae kwenye washa, vuta kwa bomba la mkono. Nati hiyo uitupe, usiirudishe kwenye gari.

---

Ipuli_Spana:

Kwa wasio na tokirenchi, na ni wengi, tumieni mizani ya springi ya kuning'iniza ya kilo 50, ile ya wapima mazao sokoni. Siyo kubahatisha, ni kipimo halali kabisa ukizingatia mambo matatu.

Kilo za kuvuta = Nm ÷ (9.81 × urefu kwa mita). Urefu unapimwa kutoka katikati ya nati hadi mahali ndoano inaposhika, siyo urefu wa bomba zima.

Bomba la nusu mita, 103 Nm: kilo 21. Hardtop yenye rimu za chuma, 209 Nm, bomba la mita moja: kilo 21 na robo hivi. Fuso ya 600 Nm, bomba la mita moja na nusu: kilo karibu 41.

Mambo yenyewe: ndoano ivute kwa pembe mraba na bomba, ikilala unapoteza. Bomba liwe limesimama na uvute kwa ulalo, kwa sababu bomba likilala uzito wake nao unakaza. Na mizani ihakikiwe kabla: ning'iniza ndoo yenye lita 20 za maji ulizozipima, isome 20 na uzito wa ndoo. Ikisoma 17, itengeneze au uitafutie nyingine.

Weka alama za tepu kwenye bomba, nusu mita na mita moja, ili kijana wa gereji asianze kupima upya kila gari.

---

Isevya_TBR:

Hii ya mizani naichukua. Bado suala la Hardtop na Fuso kulegea.

---

Nzega_Road_Malori amejibu:

Hardtop kwanza. Kwa rimu za chuma kipimo ni 209 Nm na studi ni M14x1.5, kwa hiyo anayekaza kama Noah amekaza nusu. Za alumini kwenye gari la jamii hiyohiyo ni 131 Nm, na nati zake ni za aina nyingine: zina shingo na washa bapa. Nati za rimu za chuma zina kikalio cha koni. Gari linapobadilishwa rimu na nati zikabaki zilezile, koni inagusa ukingo wa tundu tu kwenye alumini, au washa bapa inaelea juu ya tundu la koni kwenye chuma. Unaweza kukaza utakavyo, italegea. Kabla ya kugusa mashine, toa nati moja, angalia kikalio chake, kisha angalia tundu la rimu. Ukiona ukingo wa tundu umeng'aa mduara mwembamba badala ya koni nzima, nati siyo yake.

Sababu ya pili ni rangi. Rimu zinapigwa rangi nene zipendeze, mpaka kwenye kikalio cha nati na mgongo wa rimu. Rangi ni laini. Unakaza juu yake, barabara ya mawimbi inaiponda, na studi inabaki haina cha kubana. Kwangua rangi kwenye vikalio na kwenye uso unaokaa kwenye habu mpaka uone chuma.

Fuso na Canter zina mambo yake.

Jua kwanza una mfumo gani. Malori mengi ya Kijapani ya zamani ni JIS (kiwango cha Kijapani): nyuma kwenye tairi mbili-mbili kuna nati ya ndani yenye kichwa cha mraba, kwa kawaida milimita 21 kwenye Fuso, na nati ya nje ya milimita 41 inayofungwa juu yake. Nati ya ndani inashika tairi la ndani, ya nje inashika la nje. Na upande wa kushoto wa gari, upande wa abiria, nyuzi ni za kinyume. Kwenye ncha ya studi kuna herufi L au R. Kijana akibana trigali ya impakti kufungua nati ya L kwa mwelekeo wa kawaida, anaikaza mpaka studi inakatika, na kila mtu anasema studi zilikuwa za bandia.

Kulegea kwa tairi la ndani kunatokana na uvivu mmoja: watu wanarudia kukaza nati ya nje tu. Nati ya ndani haikazwi bila kwanza kulegeza ya nje yake. Utaratibu ni kulegeza nati za nje moja ndiyo moja siyo, kukaza za ndani zilizo wazi kwa kipimo, kurudisha za nje kwa kipimo, kisha kuhamia kwenye zile ulizoruka. Usilegeze zote kwa pamoja gari likiwa na mzigo.

Malori mapya ya ISO (kiwango cha kimataifa) yana nati moja bapa yenye washa yake inayozunguka, studi ni M22x1.5, soketi 32 au 33, na vipimo vya watengenezaji wengi vipo eneo la 550 hadi 650 Nm. Kwa hizi za washa bapa, tone la oili kati ya nati na washa, na tone kwenye nyuzi za mwanzo, watengenezaji wengi wanaruhusu au kuagiza, kwa sababu mfumo umehesabiwa hivyo. Usichanganye na kanuni ya kavu ya Noah. Washa isipozunguka kwa vidole kwenye nati, nati hiyo badilisha.

Mashine yako ya nusu inchi kwa Fuso itumie kukimbiza nati tu. Kati yake na soketi ya 41 unaweka adapta ya robo tatu, na adapta hiyo inakula mapigo mengi. Hata kama mashine ingekuwa na 800 za kweli, 600 hazifiki pale. Malizia kwa bomba la mita moja na nusu na mizani aliyoieleza ndugu hapo juu, au kwa tokirenchi ya robo tatu. Gari lenye mzigo wa tumbaku au mahindi lirudiwe kipimo baada ya kilomita 50 hadi 100, kisha kila asubuhi dereva aangalie kama kuna michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati. Mchirizi mwekundu unaoanzia kwenye nati kwenda nje ni dalili kwamba inacheza.

Yubolti (bolti za umbo la U) za springi nazo ni hivyohivyo. Impakti inakimbiza nati, lakini kukaza ni kwa msalaba na kwa kipimo, gari likiwa limelala kwa uzito wake. Springi mpya inajipanga, kwa hiyo rudia baada ya kilomita 500 hadi 1000.

---

Gungu_Kigoma amejibu:

Salamu kutoka Kigoma. Mmelieleza vizuri suala la magari. Naomba nilete upande ambao impakti *inaruhusiwa* kumaliza kazi, ili watu wasiitupe.

Kwenye vyuma vya ujenzi, zile bolti za nguvu za kuunganisha mihimili, kuna njia ya kupima kwa mzunguko badala ya Nm. Unakaza bolti zote za kiungo mpaka bamba zimegusana kabisa, mapigo machache ya impakti au nguvu kamili ya mtu kwa spana ya kawaida. Unachora mstari wa rangi unaopita kwenye nati, ncha ya bolti na bamba. Halafu unakaza kwa impakti mpaka mstari wa nati uhame kiasi kilichopangwa: theluthi ya mzunguko kwa bolti yenye urefu usiozidi mara nne ya kipenyo chake, nusu mzunguko kwa mara nne hadi nane. M20 ya milimita 60 ni theluthi, ya milimita 120 ni nusu. Kichwa cha bolti kishikwe kisizunguke, la sivyo mstari unadanganya. Hapa msuguano hauna kauli kubwa, kwa sababu unapima mwendo wenyewe. Lakini ni kwa bolti za nguvu tu, chuma kwa chuma, nyuso tambarare. Usiipeleke kwenye tairi wala kwenye injini.

Kwa wenye boti hapa ziwani: bolti za chuma kisichoshika kutu usizikimbize kwa gia ya juu. Nyuzi zake zikisuguana kwa kasi zinapata joto, zinalambana na kushikana, na nati inakwama nusu njia. Hapo haiendi mbele wala nyuma, inabaki kukata. Gia ya kwanza, trigali robo, na grisi ya kuzuia kushikana kwenye nyuzi. Na pale bolti inapopita kwenye mbao, kama kwenye kitako cha injini, impakti inazamisha washa ndani ya mbao bila kukupa onyo. Weka washa pana, malizia kwa mkono, acha mara mbao inapoanza kubonyea.

---

Isevya_TBR:

Swali la mwisho. Vijana wanatumia impakti hiyohiyo kwenye injini, na soketi ni zile za kung'aa za kwenye seti. Mnasemaje?

---

Kiloleni_Fundi:

Soketi za kung'aa zitoe leo kwenye impakti. Ni ngumu na kuta zake ni nyembamba, zimetengenezwa kwa kazi ya mkono, siyo ya mashine. Zikipigwa zinapasuka, na kipande kinaruka usawa wa uso. Nunua nyeusi za impakti, za pembe sita, kuta nene: 19, 21 na 22 ndizo utakazotumia kila siku, na 17 kwa kazi nyingine. Pembe kumi na mbili zinachonga kona za nati. Kila soketi iwe na pini na ringi yake ya mpira kwenye tundu la pembeni, ili isirushwe. Anayeshika mashine avae miwani na vizibo vya masikio, kelele yake ndani ya gereji yenye bati ni kali.

Injini: kufungua bolti ya puli ya kranki, sawa. Kukaza, hapana. Bolti za silinda hedi hazijui impakti kabisa. Zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, na nyingi za siku hizi zinamalizia kwa nyuzi 90 za pembe, na baadhi zinatumika mara moja tu. Plagi za injini na bolti ya kumwagia oili ni za mkono, maana zinaingia kwenye alumini na nyuzi zake zinakwenda na bolti kwa kosa moja. Kava ya tapeti, sampu na pampu ya maji ni hivyohivyo. Bolti za kaliba za breki zifungue kwa impakti ukitaka, kuzikaza ni kwa tokirenchi.

Tokirenchi ikimaliza kazi irudishe kwenye alama ya chini kabisa, siyo sifuri kwa nguvu, na isitumike kufungulia. Betri ya impakti isiachwe kwenye dashibodi ya gari juani wala isichajiwe ikiwa bado moto kutoka kazini, iache ipoe kwanza kivulini.